Miti Mikongwe ya Serengeti na Watu Walioiacha Isimame

Wageni wanaopita Mugumu kwenda hifadhini huuliza simba wako wapi na nyumbu wamefika wapi. Umri wa miti hauulizwi. Mimi nafundisha jiografia hapa Morotonga, na swali hilo ndilo ninalopenda kuanza nalo darasani: ule mgunga mkubwa, wenye kivuli kama mwavuli, ambao umeuona kwenye kalenda na kwenye mabango ya matangazo ya utalii, una miaka mingapi?

Watoto hujibu miaka elfu. Jibu lenyewe ni dogo zaidi, na linatuhusu sisi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia nchi yetu ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Nyuma yake zikaja njaa na ndui. Watu wakafa, wengine wakahamia kwa ndugu zao wa mbali, na maboma yakageuka mahame. Tembo nao walikuwa wamekwisha kwa biashara ya pembe. Mnyama wa kutafuna miche akawa adimu, na mtu wa kuwasha moto wa malisho hakuwapo. Miche ya migunga ikapata nafasi, ikaota kwa pamoja. Kwa hiyo miti mingi iliyowavutia wapiga picha wa kwanza wa Serengeti ilikuwa rika moja, iliyoota juu ya msiba wa babu zetu.

Miaka ya 1960 na 1970 rika hilo lilianguka. Tembo walirudi, moto ukawa mwingi, na hofu ikaenea kwamba Serengeti inabaki nyasi tupu. Hapo ndipo utafiti wa mwanaikolojia Anthony Sinclair, aliyefika Serengeti mwaka 1965, unaponigusa. Chanjo ya ng'ombe katika vijiji vilivyopakana na hifadhi iliondoa sotoka hata kwa wanyamapori. Nyumbu, waliokuwa takriban laki mbili na nusu mwaka 1961, wakapita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Nyumbu wengi hula nyasi nyingi, nyasi zikiisha moto hukosa chakula, na moto ukipungua mche hukua. Rika jipya la migunga likasimama. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ikaja kuonekana kwenye kivuli cha mti ndani ya hifadhi.

Msitu mkongwe wa kweli uko kwingine. Uko kando ya Mto Mara na vijito vyake, mahali ambapo matawi yamefungamana na jua halifiki chini kirahisi. Huu haujijengi upya kama migunga. Mwaka 2009 Sinclair na wenzake walichapisha utafiti kuhusu misitu hiyo: ndege walao matunda, kama hondohondo, wakimeza tunda huitoa mbegu ikiwa safi, na wadudu watoboao mbegu hawaishambulii kama ile iliyoanguka na nyama yake. Moto ukitoboa msitu, ndege hupungua. Ndege wakipungua, wadudu huzimaliza mbegu. Na msitu unaendelea kupukutika hata kama hakuna aliyeushika kwa shoka. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba msitu wa mtoni ukishavunjika, kupanda miche peke yake hakutoshi.

Na kuna mahali pa tatu penye miti mikongwe, ambapo vitabu vya utalii havipataji: kwenye emisambwa. Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na jirani zao wana sehemu ambazo roho za kuilinda nchi zinakaa, chemchemi, kilima, jiwe au kichaka cha miti minene. Mahali hapo hapakatwi kuni. Anayeingia huingia kwa tambiko, akiwa na wazee wanaostahili. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwasikiliza wazee wa makabila haya na kuandika katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, jinsi wanavyoisoma nchi hii kwa majina ya sehemu kama hizo, nyingine zikiwa sasa ndani ya mipaka ya hifadhi. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwalimu, ninyi mnasema pori. Sisi pale tuna nyumba."

Mfano ulio rahisi kuufikia ni Butiama. Pale Mwitongo, karibu na kaburi la Mwalimu Nyerere, uko msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya roho inayowalinda. Msitu huo ni mdogo. Umesimama kwa sababu watu wameacha kuukata kizazi baada ya kizazi, na kiongozi wa nchi aliyezaliwa jirani nao aliuacha hivyo hivyo.

Najua baadhi ya waumini wenzangu wanaona kuviheshimu vichaka hivi ni ushirikina. Mimi ni Mkristo, Jumapili niko kanisani, na nasema waziwazi kwamba wanakosea. Kuacha mti usimame si kuuabudu. Nimeona mkuyu wa kando ya chemchemi ukichomwa shina mpaka ukaanguka ili mtu apate mkaa na kuni za kuchomea tofali, na kina mama wa pale sasa wanachota maji mbali zaidi. Na si kila mti unaziba pengo hilo: huko Tarime mikaratusi imejaa kwenye vilima, na inafaa kwa nguzo na kuni, lakini hakuna hondohondo atakayekula tunda la mkaratusi.

Heshima kwa miti mikongwe haiko kwetu tu. Nchini Uingereza, msitu unahesabiwa kuwa wa kale ikiwa ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600, na wananchi wa kawaida huisajili miti mikongwe kwenye orodha ya taifa. Mti mmoja tu, ule wa mahali paitwapo Sycamore Gap, ulipokatwa usiku wa Septemba 2023, nchi nzima iliuomboleza, na mwaka 2025 wakataji wawili walifungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Mti ule haukuwa na umri wa kupita mikuyu yetu mingi. Ulikuwa umejulikana, na kila mtu alijua uko wapi.

Kwetu pia njia ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaipa serikali ya kijiji nafasi ya kutenga msitu wake wa hifadhi ndani ya ardhi ya kijiji, kuuwekea kamati na sheria ndogo, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kukubali na halmashauri ya wilaya kuzipitisha sheria hizo ndogo. Kichaka cha emisambwa kinaweza kuingia humo kwa jina lake, na wazee wanaokitunza wakawa kwenye kamati. Kwa sasa wanafunzi wangu wanapima mzingo wa mashina kwa kamba, wanawauliza bibi na babu zao jina la kila mti mkubwa na nani aliyekataza kuukata, kisha wanaandika. Daftari hilo nakusudia kulipeleka kwa wenyeviti wa vijiji kabla ya kiangazi, wakati watu hawajaanza kuchoma tofali.