Studio ndogo Simiyu: Faida iko kwenye vitufe, si kwenye wingi wa vyombo

Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, ndio unaoamua mambo mengi mjini Bariadi: mabati, pikipiki, mahari na harusi. Harusi nazo huleta muziki. Kwa sababu hiyo, mwenye mtaji mdogo ambaye amekwisha kufikiria duka la pembejeo au mashine ya kukoboa hujikuta akiulizia pia gharama za kufungua studio, au za kuanzisha kikundi cha muziki wa kukodi kitakachozunguka Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Jibu analopewa mara nyingi huwa orodha ndefu ya vyombo: kinanda kikubwa, mashine ya ngoma, mashine ya mwangwi na miksa yenye njia nyingi. Orodha hiyo ilikuwa na maana zamani. Siku hizi sehemu kubwa ya vyombo hivyo imo ndani ya kompyuta kama programu, na kinachobaki ni swali la uendeshaji: nani ataviwasha na kuvizima kwa wakati wakati mikono yake iko kwenye muziki?

Hapo ndipo fedha hupotea au huokolewa. Katika harusi, mwimbaji anapoimba sauti yake hupitishwa kwenye mwangwi. Wimbo ukiisha, mshereheshaji huchukua kipaza sauti kile kile. Mwangwi usipokatwa hapo hapo, majina ya wazee wa ukoo yatasikika mara tatu tatu, na mwenye shughuli atakumbuka hilo siku ya kulipa salio. Kuuzima kwa kipanya, katika kompyuta yenye madirisha sita yaliyofunguka, ni kazi ya sekunde nyingi. Kuuzima kwa kitufe ni kazi ya kidole kimoja.

Usukumani sekunde hizo zina bei yake. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu kwa desturi hushindana wakicheza kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta watazamaji, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Watazamaji waliozoea utaratibu huo hawamsubiri fundi atafute mahali pa kubofya.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Utaratibu wa MIDI ulionyeshwa hadharani Marekani Januari 1983, kinanda cha Sequential Circuits kilipounganishwa na cha Roland, kampuni ya Japani, vikaelewana ingawa watengenezaji walikuwa washindani. Waya wa MIDI haubebi sauti. Hubeba amri tu: nota fulani imebonyezwa, kirungu fulani kimezungushwa hadi kiwango fulani kati ya 0 na 127. Kwa kuwa ni amri, kitufe kimoja kinaweza kufundishwa kufanya lolote ambalo programu inaruhusu, ikiwa ni pamoja na kuwasha na kuzima chombo kilichomo ndani ya kompyuta.

Kufundisha kwenyewe huchukua dakika chache. Katika Ableton Live, mtumiaji hubonyeza Ctrl na M, hubofya alama ya kuwashia ya chombo anachokitaka, hubonyeza kitufe cha kibodi yake, kisha hubonyeza tena Ctrl na M kutoka. Katika FL Studio hubofya kwa upande wa kulia wa kipanya kwenye taa ya efekti, huchagua kuiunganisha na kifaa cha nje, kisha hugusa kitufe. Katika REAPER kazi hiyo hiyo hufanyika kupitia menyu ya vigezo vya efekti. Leseni ya REAPER kwa biashara yenye mapato ghafi yasiyozidi dola 20,000 za Marekani kwa mwaka ni dola 60, kiasi ambacho ni nafuu kuliko kupoteza kazi za wateja kwa virusi vilivyokuja na programu ya wizi.

KENGELE AU SWICHI?

Wengi hukwama hapa, na baadhi huhitimisha kuwa wameuziwa kifaa kibovu. Vitufe viko vya aina mbili. Cha kwanza hufanya kazi kama kengele ya mlangoni: hulia ukiwa umekibonyeza, ukiachia hunyamaza. Cha pili ni kama swichi ya taa: unabonyeza mara moja inawaka, unabonyeza tena inazimika. Kitufe cha aina ya kengele hutuma 127 kinapobonyezwa na 0 kinapoachiwa. Programu nyingi zikipokea amri hizo mbili, mwangwi huwaka kwa nusu sekunde kisha huzimika. Fundi hubonyeza tena na tena, hasira zikipanda.

Dawa si kununua kifaa kingine. Vifaa vingi vidogo, kama vile nanoKONTROL2 ya Korg au MPK mini ya Akai, huja na programu ya mtengenezaji inayomwezesha mwenyewe kubadili kitufe kutoka kengele kwenda swichi. Njia nyingine ni kukifanya kitufe kitume nota badala ya kiwango. Ableton Live ikipokea nota kwenye alama ya kuwashia, hubadili hali ya chombo kila kinapobonyezwa. Kwa vyombo vya kuwasha na kuzima, kanuni ya MIDI huhesabu 63 kushuka chini kuwa ni kuzima na 64 kupanda juu kuwa ni kuwasha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kuzima efekti ya mwangwi ghafla hukata na mkia wa sauti uliokuwa ukififia, na sikio hulisikia pengo hilo. Kwa mwangwi ni bora kitufe kifunge njia inayopeleka sauti kwenye efekti na kuiacha efekti yenyewe ikiwaka, ili mkia uishe taratibu. Kwa vinanda vizito vya kompyuta mambo ni kinyume: kukizima kabisa chombo kisichotumika katika Live huipunguzia kompyuta mzigo, na mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuahirisha kununua mpya.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kikundi kinamlipa kijana Sh 30,000 kwa kila shughuli akae kwenye kompyuta kuwasha na kuzima vyombo. Kwa shughuli 12 katika msimu ni Sh 360,000. Kibodi yenye vitufe ikigharimu Sh 250,000, imejilipa kabla msimu haujaisha na kubakiza Sh 110,000, mradi mpiga kinanda akubali kujifunza. Mvua zikikataa na pamba ikawa haba, shughuli zikishuka hadi nane, gharama iliyookolewa ni Sh 240,000, na kibodi itasubiri msimu wa pili kumaliza deni lake. Anayekopa kwa riba azingatie hesabu hii ya pili.

Kwamba muziki wa kompyuta wa Tanzania una soko nje, hilo limekwisha kuthibitika. Singeli ya studio ya Sisso, Mburahati jijini Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na baadaye watayarishaji wake wakapanda majukwaa ya Ulaya. Anayerekodi nyimbo za Kisukuma asisahau kuzisajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Kwa anayekwenda Mwanza kununua, kompyuta yake na aibebe. Kifaa kichomekwe dukani, kitufe kimoja kifundishwe kuzima efekti moja, kibonyezwe mara kumi mfululizo kabla fedha hazijahesabiwa. Aulize pia kama kifaa kinatambuliwa na kompyuta bila programu ya ziada, maana kuipakua kwa intaneti hafifu usiku wa kuamkia harusi ni mtihani. Faili yenye mpangilio wa vitufe ihifadhiwe kwenye flashi pamoja na waya wa pili wa USB. Waya huo ukikatika Meatu saa nne usiku, duka la karibu halitakuwa wazi.