Mofini Mikononi mwa Mwuguzi

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, mgonjwa wa kansa akisha kuambiwa kwamba hawezi kupona, jamaa humchukua wakarudi naye nyumbani. Husema dawa zimekwisha. Lakini maumivu hayakwisha, tena usiku huzidi kuwa makali. Je, hapana la kumfanyia mtu huyu? Lipo, na jirani zetu wa Uganda wamekwisha kulionyesha.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, ili kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo. Dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya kunywa: unga uliochanganywa na maji, wenye bei nafuu. Kwa kuwa waganga walikuwa wachache, mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wao wenyewe. Ruhusa hiyo ni nzito, maana mofini isiyopimwa huua.

Tazameni basi jinsi wanavyojilinda. Maji yale hutiwa rangi. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Ya waridi ina 50. Ya buluu ina 100. Mtu akikosea akatoa ya buluu mahali pa kijani, mgonjwa amekunywa mara 20 ya kipimo chake! Kwa hiyo mwuguzi haiamini rangi peke yake. Husoma karatasi ya chupa, humwuliza mgonjwa jina lake, hupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake (vijiko vya jikoni havilingani kamwe), kisha huandika saa na kipimo.

Barabara ya Kabambare wakati wa mvua twaijua. Mwuguzi hawezi kufika kila siku, basi hana budi kumfundisha mmoja wa jamaa mpaka aweze kupima mbele yake bila kukosea. Dawa hutolewa kila baada ya saa 4, pasipo kungoja maumivu yarudi. Kipimo cha saa nne usiku huwa maradufu, mgonjwa apate kulala mpaka alfajiri. Mofini hufunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Mgonjwa akiwa haamki upesi, au akipumua polepole mno, kipimo kifuatacho kisitolewe. Mwuguzi aitwe mara moja.

Wako Wakristo waiogopao dawa hii kama dhambi. Papa Pius XII aliwajibu waganga tarehe 24 Februari 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mtu anayekufa, ikiwa hapana njia nyingine, hata kama maisha yangefupishwa, mradi jambo hilo lisikusudiwe. Tena leo waganga wanajua kwamba mofini iliyopimwa vema haimwui mgonjwa. Sisi twaogopa zaidi chupa iliyoachwa mezani karibu na watoto. Ikae sandukuni, chini ya kufuli. Na mgonjwa akisha kufariki, mabaki yote yarudishwe kwa mwuguzi, naye ayapime na kuyaandika daftarini mbele ya shahidi.