KIWELE KILICHOJAA SI USHAHIDI

Mkulima anunuaye ng'ombe wa maziwa kwa mara ya kwanza huongozwa na macho. Aonapo kiwele kimejaa, hutoa fedha alizoziweka miaka mingi. Lakini wako wauzaji ambao huacha kumkama ng'ombe tangu jana yake, ili kiwele kivimbe siku ya mnada. Wengine humfungia kando yake ndama asiye wake, wapate kusema kuwa amezaa juzi.

Basi mnunuzi na aende nyumbani kwa muuzaji jioni, aone ng'ombe akikamwa mpaka maziwa yaishe. Asubuhi arudi, aone akikamwa tena. Hapo ndipo atakapojua maziwa ya usiku mmoja. Kisha apapase kiwele kitupu: sehemu ikiwa ngumu, au maziwa yakiwa na mabonge, kuna ugonjwa. Atazame na meno ya mbele ya taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota ng'ombe akikaribia miaka 2. Yote 8 hutimia kwenye miaka 4 hivi. Mwenye meno yote 8 huenda si mtamba tena. Akisemwa ana mimba, daktari wa mifugo ampime kwanza.

Akinunuliwa, atengwe na wenzake majuma 3, maana magonjwa mengine hujificha mwilini.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali. Naye mnunuzi asizue kasoro isiyokuwapo ili apunguziwe bei. Huo nao ni udanganyifu.