Picha Moja, Runinga Nyingi: Jinsi ya Kufunga na Kuendesha Kidhibiti cha Video



Siku hizi vikundi vingi vina ukumbi wa kukodisha. Jumatatu kuna mkutano wa chifu, Jumatano mafunzo ya ng'ombe wa maziwa, Jumamosi harusi, na jioni vijana wanataka mpira. Runinga zimenunuliwa moja moja mpaka zimefika nne au tano: ukumbini, kwenye chumba cha mafunzo, varanda, na nyingine hutolewa nje kwenye hema watu wakizidi. Sasa vikundi kadhaa vinatuuliza: "Je, tunaweza kupeleka mafunzo ukumbini na mpira varanda kwa wakati mmoja, bila kununua dikoda nyingine na bila kuhamisha waya kila mara?"

Inawezekana. Mtambo wa kazi hiyo upo, nao huitwa kidhibiti cha kusambaza video kwa mtandao. Mafundi wengi husema kontrola tu. Lakini kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi moja, twawaomba msome habari hii yote, maana sisi wenyewe tuliununua kwa pupa na tukaumia.

Je, mnauhitaji kweli?

Tuseme ukweli. Kama mna runinga moja, funga ukurasa huu. Kama mna runinga mbili au tatu ambazo huonyesha kitu kile kile, na ziko karibu karibu, nunueni kigawanyaji cha HDMI. Ni kisanduku kidogo cha bei nafuu na hakihitaji kujifunza chochote. Ubaya wake ni kwamba kebo ya HDMI ya kawaida huanza kusumbua ikipita mita 10 au 15 hivi. Picha hujaa vidoa au hupotea kabisa.

Mtambo wa mtandao unafaa pale ambapo vyanzo vya picha ni viwili au zaidi (tuseme dikoda, kompyuta na kamera), runinga ni nyingi, na umbali ni mrefu. Kebo ya mtandao ya shaba hufika mita 100 bila matata. Tena chanzo chochote kinaweza kwenda kwa runinga yoyote, au kwa zote, kwa kugusa simu tu.

Vyombo na kazi zake

Wale walio na mradi wa maji wataelewa upesi. Kila chanzo hufungiwa kisanduku cha kutuma, na hicho ndicho tangi. Kila runinga hufungiwa kisanduku cha kupokea, na hicho ndicho bomba la nyumbani. Katikati kuna swichi ya mtandao, ambapo mabomba yote hukutana. Kidhibiti chenyewe ni yule mzee mwenye funguo za vali. Yeye ndiye husema maji ya tangi hili yaende nyumba ile, lakini maji hayapiti mfukoni mwake.

Jambo hili lawachanganya wengi. Video haipiti ndani ya kidhibiti. Katika mitambo mingi, kidhibiti kikizimika runinga zitaendelea kuonyesha zilichokuwa zikionyesha, ila hamtaweza kubadilisha. Kwa hivyo picha ikikatika-katika, msikimbilie kulaumu kidhibiti. Angalieni swichi kwanza.

Yaliyotupata

Tulifunga mtambo wetu wiki moja kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 18 Desemba 2022. Muuzaji alituambia swichi ni swichi, hata ile ndogo ya bei rahisi itafanya kazi. Tukaokoa pesa hapo. Jumamosi tukajaribu kwa dikoda peke yake, na picha ikawa safi kabisa kwenye runinga zote nne. Tukapongezana.

Jumapili jioni ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Hatukutoza kiingilio, tulitegemea mauzo ya chai na maandazi, na unga wenyewe ulichukuliwa dukani kwa deni. Argentina wakaongoza 2–0. Kipindi cha pili kijana mmoja akawasha kamera, ati walio varanda waone jinsi ukumbi ulivyofurika. Papo hapo runinga zote zikaganda. Tukazima na kuwasha kila kitu, tukachomoa na kuchomeka, huku watu wakielekea sokoni mmoja mmoja. Mbappé alifunga dakika ya 80 na ya 81, na sisi tulizisikia kwa redio ya bodaboda. Picha iliporudi ilikuwa mikwaju ya penalti, na sufuria mbili za chai zilikuwa hazijaguswa.

Fundi aliyekuja baadaye alituonyesha kosa kwa dakika tano. Picha ya kisasa ya 1080 yenye picha 60 kwa sekunde, kama haijabanwa, ni karibu gigabiti 3 kila sekunde. Kebo na swichi ya kawaida hupitisha gigabiti 1 tu. Kwa hivyo kisanduku cha kutuma hubana picha kwanza. Vya aina yetu hubana kidogo ili picha isichelewe, na kila kimoja hutumia mamia ya megabiti, zaidi ya nusu ya njia. Sasa ile swichi rahisi haijui kuchagua. Kila kinachotumwa, yenyewe hukimwaga kwa milango yote, kama mtu aliyefungua vali zote kwa pamoja. Dikoda ikiwa peke yake, ilitosha. Kamera ilipoongezwa, kila mlango ulipewa mizigo miwili ambayo haikuweza kuingia kwenye njia moja, na zote zikakwama.

Dawa yake ni swichi inayoweza kupangwa, yenye uwezo wa kusikiliza ni kisanduku gani cha kupokea kimeomba picha gani, na kupeleka picha hiyo huko tu. Kwenye menyu ya swichi tafuteni maneno IGMP Snooping na IGMP Querier, na yote mawili yawashwe. La kwanza ndilo hufanya swichi isikilize. La pili hufanya swichi iulize kila baada ya muda ni nani bado anahitaji picha. Mkiwasha la kwanza bila la pili, picha zaweza kuja vizuri kisha zipotee baada ya dakika chache, na mtatafuta shida mpaka mchoke. Mitambo mingine pia hutaka swichi iruhusu vifurushi vikubwa vya data. Kitabu cha mtambo kitawaambia.

Pesa za swichi ya pili zilitoka kwenye mfuko wa mikopo. Akina mama wawili waliokuwa wamepangiwa mkopo wa mbegu Januari wakangoja mpaka Machi, na mvua haikuwangoja. Ndiyo maana tunasisitiza jambo hili kuliko mengine yote.

Kununua

Muulizeni muuzaji visanduku ni vya kubana kidogo au kubana sana. Vya kubana sana hutumia njia ndogo, hata megabiti 10 au 20, na mnaweza kuwa na vyanzo vingi, lakini picha huchelewa. Kwa hema la nje haidhuru. Bali kama msemaji yuko mbele ya watu na kamera inamwonyesha kwenye runinga ya ukumbi ule ule, mdomo utafunga kabla ya runinga, na watu watacheka.

Msichanganye aina. Visanduku vya kampuni moja mara nyingi havisikizani na kidhibiti cha kampuni nyingine.

Swali lingine ni la stima. Visanduku vingi hupata stima kupitia kebo ile ile ya mtandao, ikiwa swichi ni ya kutoa stima. Ya daraja la kawaida hutoa mpaka wati 15.4 kwa mlango mmoja, na ya daraja la juu wati 30. Lakini angalieni jumla pia. Visanduku 8 vya wati 12 ni wati 96. Swichi ambayo jumla yake ni wati 60 itaacha vingine gizani, ingawa milango bado ipo.

Kufunga

Msipigilie kitu ukutani siku ya kwanza. Pangeni vyombo vyote juu ya meza moja, pamoja na runinga moja au mbili, na vifanye kazi hapo kwanza.

Unganisheni visanduku vyote kwa swichi. Kidhibiti huwa na milango miwili ya mtandao: mmoja wa upande wa video, ambao huenda kwa swichi hiyo, na mwingine wa upande wa kuamuru, ambao huenda kwa rauta ya Wi-Fi mnayotumia kwa simu na kompyuta. Msibadilishe, na msiunganishe swichi ya video na rauta moja kwa moja. Picha zikimwagika kwenye Wi-Fi, simu zote za ukumbini zitakwama.

Kila chombo lazima kiwe na anwani yake, na hakuna viwili vyenye anwani moja. Katibu aziandike kwenye daftari. Kwenye kompyuta fungueni kivinjari cha intaneti, andikeni anwani ya kidhibiti (mara nyingi imebandikwa chini yake au iko kwenye kitabu), na mtaingia kwenye ukurasa wake. Hapa hamhitaji bando. Ni mtandao wa ndani tu.

Jambo la kwanza kabisa mkiingia ni kubadilisha neno la siri. Lile la kiwandani linajulikana na kila mtu. Kisha mwambieni kidhibiti kitafute vyombo. Vitatokea kwa orodha vikiwa na namba ndefu zisizo na maana. Vipeni majina ambayo hata mgeni ataelewa: DIKODA, KAMERA, TV VARANDA, TV HEMA. Mitambo mingi ina kitufe cha kufanya kisanduku kimetemete taa, mjue ni kipi. Bandikeni jina hilo hilo kwenye kisanduku kwa karatasi na selotepu.

Kutoka hapo kazi ni nyepesi. Unavuta jina la chanzo mpaka kwa runinga, na picha inahamia. Mipango mnayotumia mara kwa mara hifadhini kwa jina, kama vile MKUTANO, MAFUNZO na MPIRA, ili mtu agonge mara moja tu.

Mambo mawili husumbua hapa. La kwanza, runinga huwa inamwambia dikoda au kompyuta ni ukubwa gani wa picha inaouweza. Mkiwa na runinga mpya kubwa na ya zamani ndogo, chanzo chaweza kufuata ile kubwa, na ndogo ikabaki nyeusi. Amrisheni visanduku vyote vya kutuma vitumie 1080, ikiwa runinga zote zinaiweza. La pili, dikoda za kulipia hufunga picha kwa kinga ya kuzuia kunakili, iitwayo HDCP. Chombo kimoja njiani kisipoikubali, mtaona giza. Ulizeni hili dukani na mjaribu kwa dikoda yenu, si kwa kompyuta ya muuzaji.

Mkimaliza, hifadhini mipango yote kwenye flash na mweke kwenye sanduku la kikundi. Na mjaribu na vyanzo vyote vikiwa vimewashwa kwa pamoja, kwa saa nzima. Sisi tunajua kwa nini.

Radi

Wasomaji wetu wa Kakamega na Kisii hawahitaji kufundishwa kuhusu radi. Kebo ya shaba kutoka jengo moja mpaka jingine ni njia ya kuiingiza ndani, na ikiingia haitaharibu kisanduku kimoja, itapitia swichi na kumaliza vyote. Kati ya majengo tumieni kebo ya nyuzi za kioo, ile isiyo na chuma ndani. Haipitishi stima, tena inavuka zile mita 100. Mvua ikitisha, chomoeni plagi za stima na waya wa antena au dishi pia. Swichi na kidhibiti vipewe betri ndogo ya kushikilia stima ikipotea kidogo. Runinga ziacheni, zitaimaliza haraka.

Sheria

Kuonyesha filamu kwa umma hutaka leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), na kifurushi cha dikoda cha nyumbani si cha kuonyesha watu kwa biashara. Ulizeni mapema. Mtambo unaofikisha picha kwa watu 200 ni rahisi kuonekana.

Nani ataendesha?

Wawe wawili, si mmoja. Tunajua kikundi ambacho kijana wao alipata kazi Nairobi akaenda na neno la siri kichwani, na ukumbi ukakaa na picha moja wiki tatu. Neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, na mweka hazina alifungie.

Kuwasha kuna utaratibu: swichi kwanza, ingojewe dakika mbili au tatu, kisha kidhibiti na visanduku, mwisho runinga. Stima ikipotea na kurudi ghafla na picha zisije, fuateni utaratibu huo huo tangu mwanzo.

Visanduku vingi vya kutuma vina tundu la pili la HDMI, la kupitisha picha moja kwa moja. Sisi tumefunga hapo kebo ya mita 8 kutoka kwa dikoda mpaka runinga kubwa ya ukumbi, imepigiliwa ukutani na haiguswi. Tangu tuifunge tumeitumia mara mbili, na mara zote mbili watu hawakuondoka.