Saratani ya Limfu katika Paka

Mwili wa paka, kama ulivyo wa binadamu, hulindwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti. Chembe hizo hukaa katika damu, tezi za limfu, bandama na kuta za utumbo. Zianzapo kugawanyika bila kiasi, huzuka saratani iitwayo limfoma. Kati ya saratani zote za damu na tezi zimpatazo paka, hii ndiyo ionekanayo mara nyingi zaidi.

Wataalamu huigawa limfoma kwa kufuata mahali inapoanzia. Aina ya kifuani huota mbele ya moyo na kuyabana mapafu, hata mnyama akahema kwa taabu. Aina ya utumbo humfanya akonde, atapike na kuharisha. Aina ya tatu huenea katika tezi nyingi kwa pamoja. Ya nne hujitokeza nje ya tezi, kama vile katika figo, pua au uti wa mgongo.

Je, ni ipi itokeayo zaidi? Jibu hutegemea wakati. Mwaka 1964 William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, waliochunguza paka wa nyumba moja waliougua limfoma kwa wingi, waligundua kirusi cha lukemia ya paka. Kirusi hicho huambukizwa hasa kwa mate, paka walambanapo. Kikiingia katika chembe, hupachika jeni zake ndani ya jeni za chembe hiyo. Zikipachikwa karibu na jeni iongozayo ukuaji, chembe huweza kukua bila mpaka.

Tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980, yapata paka 7 katika kila 10 wenye limfoma walikuwa na kirusi hicho. Wengi walikuwa wangali vijana, na aina ya kifuani ilikuwa jambo la kawaida. Kipimo cha damu kilipopatikana mwaka 1973, paka walioambukizwa waliweza kutengwa na wazima. Chanjo ilifuata nchini Marekani mwaka 1985. Penye upimaji na chanjo, hali imegeuka: aina ya utumbo, iwapatayo hasa paka wazee wasio na kirusi, ndiyo inayoongoza.

Basi limfoma haikutoweka, kwa kuwa kirusi hakikuwa chanzo pekee. Utafiti uliofanywa Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa paka waishio na wavuta tumbaku hupata limfoma zaidi ya mara 2 kuliko wengine.

Hivyo, asomaye takwimu za ugonjwa hana budi kuuliza: zilikusanywa lini, wapi, na kwa wanyama wa umri gani? Mahali ambapo paka hawapimwi wala kuchanjwa, kirusi kile cha mwaka 1964 kingali kikiwaua wangali vijana.