Ziwa Naivasha ni la umma. Njia ya kulifikia ni ya nani?

Samaki wanaokaangwa kando ya Ziwa Naivasha ni wageni, au vizazi vya wageni. Kabla ya walowezi kuanza kuwaleta, ziwa hili lililo Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, halikuwa na samaki wa kujaza sahani. Tilapia waliingizwa mwaka 1925. Mwaka 1929 wakafuata besi weusi kutoka Marekani, na hao hawakuletwa kumlisha mtu. Besi ni samaki mkaidi, akinaswa na ndoano anapigana, na mlowezi aliyetoka Nairobi Jumamosi na ufito wake alitaka samaki wa kupigana naye. Uvuvi wa biashara ulifunguliwa mwaka 1959. Kwa takriban miaka 30, basi, kuvua Naivasha kulikuwa mchezo wa wikendi wa watu wachache, na serikali ya wakati huo haikuona aibu kuuruhusu.

Nimetanguliza historia hii kwa sababu kuna jibu ambalo mwananchi hupewa haraka anapodai mahali pazuri pa kupumzika kando ya ziwa: kwamba starehe ni anasa, na kaunti ina shida kubwa zaidi, barabara, dawa, maji ya mifereji. Shida hizo zipo. Lakini Naivasha starehe ndiyo iliyotangulia, riziki ikaja baadaye. Kilichobadilika ni mtu anayeiomba.

Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna shamba wala hoteli inayomiliki maji ya Naivasha. Ila maji hayafikiwi kwa kuruka. Shika barabara ya Moi South Lake kutoka mjini, uangalie upande wako wa kulia: ua, lango la hoteli, vivungulio vya maua, ua tena, lango tena, askari wa kampuni ya ulinzi na daftari lake la wageni. Ziwa unaliona kwa vipande, kati ya migunga. Mahali ambapo mtu asiye na nafasi ya chumba wala pesa za kiingilio anaweza kuteremka hadi majini ni mialo michache ya umma, Karagita na Kamere zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi.

Hali hii ina mizizi mirefu. Ziwa Naivasha linalishwa na mito ya Malewa na Gilgil, lakini halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini kwa chini, na ndiyo sababu yamebaki baridi ilhali maziwa jirani ya Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Ziwa la namna hii halina ukingo wa kudumu. Mvua zikikatika linarudi nyuma na kuacha ardhi tupu, zikizidi linaidai ardhi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, maji yaliporudi nyuma, serikali ya kikoloni iliwaruhusu wenye mashamba ya kando kutumia ardhi iliyoachwa wazi mbele yao, kwa sharti wasijenge majengo ya kudumu. Walipewa kuitunza. Lakini ardhi inayotunzwa na jirani mmoja kizazi baada ya kizazi huishia kuonekana yake, na anayepita kwenda ziwani huonekana mvamizi.

Jumapili alasiri Karagita inaeleza mengi. Mtaa huu umejaa wafanyakazi wa mashamba ya maua, vijana wengi wao, waliotoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na kwingineko, na Jumapili ndiyo siku ambayo wengi wao hupata nafasi ya kukunjua mgongo. Wanashuka ziwani na watoto. Wanakutana na wageni wa kutwa kutoka Nairobi, waliokuja kilomita 90 hivi kwa matatu ya kukodi. Wanakutana na mikokoteni ya punda iliyoingizwa majini hadi magurudumu yakazama nusu, wenye punda wakijaza mitungi ya kuuza mitaani. Wanakutana na nyavu zinazorekebishwa, mashua zinazopakuliwa, vijana wa boti wanaoita wateja waende kuona viboko na mwari. Kongoti wamesimama katikati ya yote hayo, wanangoja matumbo ya samaki. Kila shughuli hapo ni halali na kila mtu ana haki ya kuwapo. Tatizo ni kwamba zote zimesukumwa kwenye kipande kimoja cha ufuo kwa sababu kwingine kumefungwa.

Mtazame mama anayekaanga. Samaki wake mara nyingi ni kapi, aliyeingia ziwani kwa bahati mbaya na kuanza kuonekana nyavuni kuanzia mwaka 2001 hivi. Miaka michache baadaye alikuwa ndiye samaki mkuu wa ziwa. Magamba yake ni mapana kama sarafu, na kisu kikipita yanaruka hadi kwenye leso. Kisha anamgeuza na kumchanja ubavuni mistari ya karibu karibu, kutoka shingoni hadi mkiani, kwa mwendo ambao hauhitaji macho. Mistari hiyo ina kazi: kapi ana miiba midogo midogo inayomchosha mlaji, na mafuta yakipenya kwenye zile chanjo yanaikausha hata mtu haisikii mdomoni. Huo ni utaalamu. Katika nchi inayothamini utalii wake, mama huyu angekuwa na kibanda chenye sakafu ya saruji, maji ya mfereji na bomba la kuondoa uchafu usirudi ziwani.

Wakazi wa Nairobi wanaokuja hapa nao wana sababu. Mji mkuu ulikuwa na maji yake. Bwawa la Nairobi, kati ya Lang'ata na Kibera, lilijengwa mwaka 1953 kuhifadhi maji, na kwa miaka mingi watu walisafiri humo kwa mashua za tanga na kuvua. Maji taka, udongo na magugu maji yakaliziba. Leo unaweza kupita kando ya barabara usijue kwamba pale palikuwa na ziwa la watu. Bwawa hilo halikuuzwa wala kufukiwa kwa siku moja. Liliachwa tu, na eneo la umma likiachwa hufa polepole bila mtu yeyote kulaumiwa.

Naivasha kuna jambo zito kuliko starehe, nalo ni uhai. Viboko wa ziwa hili hutoka kula nyasi usiku na hushinda kwenye maji mafupi mchana, palepale binadamu anapopenda kusimama. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha ufuoni, saa chache tu baada ya mvuvi wa huku kuuawa vivyo hivyo. Habari ya mtalii ilizunguka dunia. Wavuvi wa miguu, wale wasio na mashua wala leseni, wanaoingia majini hadi kifuani na wavu mkononi, wamekuwa wakifa na kulemazwa kwa miaka mingi na habari zao huishia ukurasa wa ndani. Hoteli na kambi kadhaa zimeweka ua wa umeme kuwazuia viboko wasipande kwenye nyasi zao. Kinachomlinda mgeni anayelipa kinaweza kumlinda pia mtoto wa Karagita.

Hapo karibu kuna funzo jingine la uchungu. Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, ni mahali pa pekee: unakodi baiskeli langoni na kupita katikati ya pundamilia. Lakini Aprili 2012 mafuriko ya ghafla kwenye korongo lake yaliua vijana saba wa kanisa waliokuwa matembezini, na Septemba 2019 mafuriko mengine yakaua watu saba tena. Mvua iliyonyesha mbali huteremka korongoni kabla wingu halijaonekana. Watu walikufa kwenye mapumziko yao, mahali walipoingia kwa tiketi. Mahitaji ya eneo la burudani ni pamoja na king'ora, mwelekezi aliyefunzwa, ngazi ya kutorokea na mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hapashukwi. Viti na bembea ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Ufuo wa umma Naivasha ungehitaji nini, basi? Kwanza kabisa, mpaka. Mialo ya umma ipimwe, iwekewe bikoni na kuandikishwa, pamoja na njia za kuifikia kutoka barabarani, ili isipungue kila ua unaposogezwa. Vyoo na vibanda vijengwe juu ya kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda lilizamisha nyumba za mtaa wa Kihoto na kuwahamisha maelfu ya watu, kwa hiyo hakuna mhandisi anayeweza kusema hakujua. Gati liwe la kuelea, lipande na kushuka na maji. Punda wapewe mahali pao pa kuchota, mbali na watoto wanaooga. Na kila boti ikaguliwe kabla ya kuondoka, abiria wahesabiwe, kila mmoja avae jaketi la kuokolea lenye vifungo vinavyofunga.

Kisha pawepo mahali pa kuvua kwa ndoano. Hili nalisisitiza, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa kabisa. Mzee mstaafu, mama na wanawe, kijana aliyemaliza zamu ya usiku kwenye vivungulio, hawana mahali halali pa kuketi na ufito Naivasha isipokuwa wamelipia lango la mtu. Kisheria hakuna kikwazo. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016 inatambua uvuvi wa burudani na leseni yake, na kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya watu wamekuwa wakivua trauti kwa vibali tangu enzi za ukoloni. Naivasha inahitaji jukwaa la mbao lililozungushiwa kizuizi cha viboko, kibali cha siku cha bei ambayo mfanyakazi wa maua anaimudu, na mtu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, wa kukikata na kuangalia samaki wadogo wanarudishwa majini.

Wapo watakaosema kuongeza watu ni kuongeza uharibifu, katika ziwa ambalo tangu 1995 limo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hoja yao naiheshimu. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa mwaka mzima ili samaki wapate kuzaliana, na Februari 2010, baada ya ukame mkali, samaki wengi walielea wamekufa. Ziwa hili linachoka. Lakini watu tayari wapo, na wataendelea kuja. Wakikosa mahali palipotengwa wanapenya kwenye mafunjo, ndimo samaki wanamozaliana, na haja zao wanazimalizia humo humo. Mvuvi mwenye kibali cha siku, aliyeketi jukwaani mchana kweupe, ni jicho la ziada dhidi ya nyavu haramu, na kibali chake kinaweza kulipia petroli ya boti ya doria.

Bajeti ya Kaunti ya Nakuru, kama za kaunti nyingine, huidhinishwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wenye boti, mama wa samaki, wavuvi wa BMU na wafanyakazi wa maua wanaweza kufika na ombi moja la maandishi lenye mambo matatu: bikoni za mialo, vyoo vilivyojengwa juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji, na jukwaa moja la kuvulia Karagita. Waambatanishe picha za ufuo Jumapili alasiri, na nakala iende kwa mwakilishi wa wadi.