Kusoma Tena Siyo Kukumbuka

Kijana anayetaka kusomea udaktari Marekani hukutana kwanza na mtihani uitwao MCAT: maswali 230, kutwa nzima kitini, kuanzia kemia na biolojia hadi ufahamu. Wengi hujiandaa kwa kupitia daftari lile lile mara kumi. Ukurasa huzoeleka machoni, nao hudhani wameuelewa.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa huko huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi. Baadhi waliisoma mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, wenzao 56.

Mtihani hauji baada ya dakika 5. Basi funga daftari, chora mzunguko wa damu kwenye karatasi tupu, kisha fungua uone ulichosahau. Inaudhi, nakiri. Hapo uliposahau ndipo pa kuanzia kesho, na urudi tena juma lijalo. Siku yenyewe ikifika, usiache swali lolote tupu. MCAT haikati alama kwa jibu lililokosewa.